Aliyezikwa Jumasita

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akahangaika kuyatafuta njiani. Ina milima, ina soko, ina redio moja inayosema vizuri, na ina Mheshimiwa Mwangalizi Mkuu ambaye hutuangalia. Nimeombwa nisitaje jina la nchi yenyewe, nami sioni sababu ya kubishana na watu walioniomba kwa upole huku wameshika bunduki.

Wakristo wa kwetu tangu zamani walikuwa wa aina mbili, wa Jumamosi na wa Jumapili. Wa Jumamosi walifunga vibanda vyao Jumamosi wakaenda kuimba. Wa Jumapili walifanya vivyo hivyo kesho yake. Walitaniana sana. Wa Jumamosi waliwaita wenzao Wachelewaji, na wa Jumapili waliwaita wenzao Wenye Kiherehere. Lakini soko halikufungwa hata siku moja, na ukiishiwa nyanya siku yoyote ile ulimpata Mkristo wa kukuuzia. Hatukujua kwamba tunateseka. Ilibidi serikali itueleze.

Ilitueleza hivi. Mwangalizi Mkuu alikuja kufungua choo kipya cha soko, siku ya Jumamosi. Alikata utepe, akageuka apigiwe makofi, yakaja makofi nusu. Akauliza nusu nyingine iko wapi, akaambiwa iko kanisani. Kwa kuwa ni kiongozi msikivu, aliamuru utepe uunganishwe kwa gundi, akarudi kesho yake kukifungua tena. Yakaja makofi nusu, ile nusu nyingine. Waliokuwa karibu naye wanasema machozi yalimlengalenga. Choo chenyewe hakijatumika mpaka leo, kwa sababu wataalamu hawajakubaliana kilifunguliwa lini.

Wiki hiyohiyo ikatoka Sheria ya Sabato Moja. Taifa lenye bendera moja, ilisema redio, haliwezi kuwa na Sabato mbili, kama ambavyo tumbo halina vitovu viwili. Kuanzia siku ya kutiwa saini, atakayefanya kazi siku ya Sabato atafungwa. Siku yenyewe ya Sabato itatangazwa baadaye, Tume itakapomaliza kuitafuta. Bwana mmoja pale kijiweni aliuliza mtu atajuaje kwamba amevunja sheria na siku haijajulikana. Aliuliza kwa sauti, kwa hiyo hatujamwona tena.

Mimi, naitwa Obadia, nilipata kazi kwenye Tume hiyo. Nilipika chai na kuwapelekea wajumbe. Ni kazi nzuri, mtu anasikia mengi na haulizwi lolote.

*

Kaka yangu Zakaria alikufa mwezi huo. Alikuwa fundi wa kuchoma matofali, na kifua chake kilikuwa kimekula moshi wa tanuri kwa miaka mingi. Alikohoa, akalala, hakuamka. Nilipoletewa habari nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka mezani, nikalichukua tena, nikamimina chai. Mpaka sasa sijui nilitakiwa nifanye nini kingine.

Zakaria alikuwa wa Jumapili. Mkewe, Loida, ni wa Jumamosi. Walipooana wazee wa pande zote mbili walisema ndoa hiyo haitafika mavuno. Ikafika, ikapita. Jumamosi Loida alikaa mkekani na nyimbo zake, Zakaria akachota maji, akasonga ugali wake wenye madonge, akamwandalia. Jumapili zamu ikageuka, Loida akabeba ndoo na Zakaria akanyoosha miguu. "Shemeji," Loida aliwahi kuniambia akicheka, "mimi nimeolewa na mtu ambaye ibada yake ni kunitazama nikipika." Ndiyo nyumba pekee niliyoijua ambamo kila mtu alipumzika kwelikweli, kwa sababu alikuwapo mwingine wa kubeba ndoo.

Tulimlaza katika chumba cha maiti cha wilaya, tukaenda Ofisi ya Mazishi kuomba ruhusa. Tulipokewa na afisa kijana, mwenye tai na adabu nyingi.

"Poleni sana wafiwa," alisema. "Mnataka kuzika lini?"

"Kesho, mwanangu," alisema Loida. "Jumatano."

"Kaburi litachimbwa na watu?"

"Na watu."

"Kwa majembe?"

"Kwa majembe."

"Basi hiyo ni kazi, mama. Mna hakika kwamba Jumatano si Sabato?"

Loida alinitazama. Mimi nikatazama ukuta, na ukutani kulikuwa na picha ya Mwangalizi Mkuu akituangalia.

"Jumatano haijawahi kuwa Sabato ya mtu yeyote," alisema Loida.

"Wengi husema hivyo. Lakini Tume bado inatafuta ni siku gani, na haijasema ni siku gani siyo. Nikikuruhusu Jumatano, halafu ikatokea kwamba ndiyo yenyewe, nitakuwa nimekufunga wewe, na wachimbaji, na mimi mwenyewe nina watoto wadogo." Akakunja mikono yake vizuri juu ya meza. "Subirini kidogo, mama. Marehemu hana haraka."

Loida alitoka akaketi kwenye ngazi za nje. Hakulia. Nilimuuliza kama anataka maji, akasema hataki. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Sijisikii," alisema. "Mikono hii naiona, lakini kama ya mtu mwingine. Nataka tu kumweka mume wangu ardhini, shemeji. Nikishamweka nitaweza kulia. Sasa hivi sina hata pa kulilia."

Nilimwambia serikali inalishughulikia. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo tunavyoambiana kwetu mtu akifiwa.

*

Tume ilikaa katika ukumbi mkubwa wenye mapazia mazito. Mwenyekiti alikuwa Jaji Kalisti Ndomba, ambaye alikwisha kustaafishwa mara nyingi na kila mara akarudi akidai amesahau kofia. Wajumbe walikuwa wengi, lakini waliozungumza ni wawili. Askofu Gervasi aliwasemea wa Jumapili. Mchungaji Songoro aliwasemea wa Jumamosi. Watu hawa wawili walikuwa majirani, na mbuzi wao walilishwa katika uwanja mmoja.

"Maandiko yako wazi," alianza Mchungaji Songoro. "Muumba alifanya kazi siku sita, ya saba akapumzika na kuibariki. Siku ya saba ni Jumamosi. Hakuna mwanadamu aliyepewa mamlaka ya kuihamisha."

"Naheshimu hayo," alijibu Askofu Gervasi. "Lakini Bwana wetu alifufuka siku ya kwanza ya juma, na wanafunzi wake wakakusanyika siku hiyo. Yeye amefanya vyote kuwa vipya, hata pumziko. Siku ya kwanza ni Jumapili."

Jaji aliwatazama kwa furaha. "Kumbe mabishano yenu yote ni hesabu tu! Mmoja anataka ya saba, mwingine anataka ya kwanza. Sasa mnagombana nini miaka elfu mbili? Tuhesabu." Akainua mkono wake mbele ya taifa, akakunja kidole cha mwisho. "Jumamosi."

Kisha akakitazama kile kidole.

"Mosi," alisema. "Katibu, mosi ni ngapi?"

"Ni moja, Mheshimiwa."

"Mchungaji, siku yako ya saba ni ya kwanza."

Mchungaji Songoro alifungua mdomo. Askofu Gervasi akaanza kucheka, naye hakucheka sana, kwa maana Jaji alikuwa amekunja kidole cha pili.

"Jumapili. Pili. Askofu, siku yako ya kwanza ni ya pili."

"Mheshimiwa, hayo ni majina tu!" walisema wote wawili kwa pamoja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana mbele ya watu.

"Sabato ilikuwapo kabla Kiswahili hakijazaliwa," aliongeza Mchungaji.

"Unasema," aliuliza Jaji polepole, "kwamba lugha ya taifa inasema uongo?"

Mtu mmoja nyuma alianza kuandika. Mchungaji akasema hapana, hakusema hivyo, na kama alisema aliteleza. Jaji akaendelea na vidole vyake mpaka akaingia mkono wa pili, na siku ya saba ikaangukia Ijumaa. Ikabidi aitwe Shehe Mbaruku, mwenye duka la vitambaa mkabala na ukumbi.

Shehe alikaribishwa chai, akanywa, akasikiliza. "Ndugu zanguni," alisema, "Ijumaa sisi hatupumziki. Tunakwenda kuswali, tukimaliza tunatawanyika kutafuta riziki. Mimi Ijumaa jioni ndipo ninapouza kuliko siku zote. Mkiifanya Sabato, wa kwanza kufungwa ni mimi."

"Limesikika," alisema Jaji. "Sasa tusaidie jambo moja. Hii Alhamisi haina namba. Maana yake nini?"

"Namba inayo, Mheshimiwa. Hamsa kwa Kiarabu ni tano. Alhamisi ni siku ya tano."

"Jumatano ndiyo ya tano."

"Naam."

"Na Alhamisi ni ya tano."

"Naam."

"Tuna tano mbili?"

"Ndivyo tulivyozikuta, Mheshimiwa, na hazijapigana."

Jaji alirudia kukunja vidole, safari hii bila haraka, akivitazama kimoja kimoja kama mtu anayewatafuta kuku wake jioni. "Mosi, pili, tatu, nne, tano, tano tena, Ijumaa." Akasimama. "Ndugu wajumbe, sita iko wapi? Nauliza, sita ya taifa iko wapi?"

Mimi nilikuwa namimina, na chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaendelea mezani. Hakuna aliyenikaripia.

*

Redio ilitangaza kwamba Jumasita imeibwa.

Wananchi tuliombwa tuwe watulivu na tutoe taarifa tukiona siku yoyote tusiyoifahamu. Nchi jirani ilitazamwa kwa jicho baya, kwa kuwa ilisemekana watu wake wanapumzika mno. Vizuizi viliwekwa barabarani. Nilimwona bibi mmoja akiamriwa afunue kikapu chake.

"Umeficha nini humo?"

"Mihogo, baba."

"Na chini ya mihogo?"

"Mihogo mingine."

Walimwaga yote. Seremala wa mtaani kwetu alikamatwa kwa sababu alimwambia mteja, "Njoo siku nyingine." Aliulizwa siku hiyo nyingine anayo yeye tangu lini, na anaificha wapi. Mkewe alituambia kwamba anajibu vizuri, isipokuwa hana majibu.

Tume nayo haikulala. Iliunda Kamati Ndogo ya Usiku, ichunguze kama usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia Jumamosi au ule unaoifuata, kwa maana huenda mwizi alipitia hapo katikati. Kamati ilikaa mchana tu, kwa kuwa wajumbe waliogopa giza.

Loida alikwenda Ofisi ya Mazishi kila asubuhi. Yule afisa kijana alimsalimu, "Shikamoo mama," akamletea kiti, akamuuliza kama amekula. Kisha akamwambia hapana. Hakuna siku hata moja aliyosahau kumletea kiti.

*

Halafu ikaja tahadhari. Waziri wa Siku, Mheshimiwa Tiberio Kandumbwi, alieleza kwamba Sabato haiwezi kuhesabiwa mpaka Jumasita irudishwe mahali pake, na kwa kuwa serikali haitaki mwananchi hata mmoja aangukie kwenye dhambi kwa bahati mbaya, siku zote zitahesabiwa kuwa Sabato mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Serikali yenyewe haikuguswa na agizo hilo, kwa sababu kutawala si kazi, ni wito. Tume ikahesabiwa kuwa sehemu ya wito. Chai yake pia.

Basi tukapumzika. Soko likafungwa, shule zikafungwa, mashine ya kusaga ikanyamaza. Magugu yaliendelea na kazi kwa kuwa hayakusomewa sheria. Mbuzi wa Askofu na wa Mchungaji walilia pamoja uwanjani, viwele vimewajaa, na wenyewe wakawatazama kutoka madirishani. Mkunga alimshauri mama mjamzito avute subira. Watu walikaa barazani wakitazamana. Hata utani uliisha, maana ilisemekana kutania nako ni kazi ya mdomo. Tulipumzika mpaka tukachoka. Wachelewaji na Wenye Kiherehere wakawa watu wa aina moja, watu wenye njaa, na redio ikatangaza kwamba umoja wa kitaifa umepatikana.

Nilidhani nitakasirika. Nilisubiri hasira ije, haikuja. Nilikuwa na ganzi kuanzia shingoni kushuka, na ganzi ile iliniogopesha kuliko msiba wenyewe.

Asubuhi moja tulipokwenda chumba cha maiti, msimamizi alitoka nje akamkuta Loida mlangoni. Alikuwa amejifunga kitambaa puani.

"Mama," alisema, "mashine ya baridi imeamriwa ipumzike."

"Tangu lini?"

"Usiniulize zaidi, mama yangu. Mtafutieni pa kumweka."

Loida alisimama palepale. Mkono wake ulikuwa ukutani, akiuondoa, akiurudisha tena. Kisha akanigeukia. "Shemeji, wewe unawapelekea chai hao watu. Nipeleke na mimi."

*

Nilimwingiza ukumbini nyuma ya sinia. Ilikuwa Jumatano, na Waziri Kandumbwi alikuwa amekutana na watu wa redio kuwaeleza mafanikio ya kupumzika. Alipomwona mwanamke mwenye kanga nyeusi alifurahi sana, kwa kuwa alikuwa amekosa mfano.

"Mama mfiwa!" alisema, akamsogezea vipaza sauti. "Serikali yako inaomboleza pamoja nawe. Inaomboleza kwa vitendo, si kwa maneno matupu. Wako watakaosema huyu ni marehemu wako. Mimi nasema hapana! Huyu ni marehemu wa taifa."

"Basi taifa linisaidie kumzika," alisema Loida. "Anaharibika, Mheshimiwa."

Waziri alikohoa. "Mama, mimi ningependa. Lakini tumzike siku gani? Mosi wanaidai wa Jumamosi. Pili wanaidai wa Jumapili. Ijumaa inaonekana kuwa ya saba, na ya saba ndiyo yenye kesi. Tatu, nne na tano ziko chini ya uchunguzi. Alhamisi inajifanya tano, na mashtaka yake ya kughushi yanaandaliwa." Hapo akainua kidole, nikajua jambo kubwa linakuja. "Siku moja tu haina doa. Siku ambayo Askofu na Mchungaji, wote wawili, wamekubali mbele yangu kwamba haikuwahi kuwa Sabato ya mtu. Siku hiyo ni Jumasita! Nami natamka mbele ya taifa zima kwamba mama huyu ameruhusiwa kumzika mumewe Jumasita!"

Makofi yalipigwa. Yalikuwa makofi kamili.

Loida alisubiri yaishe. "Asante, Mheshimiwa. Hiyo Jumasita iko wapi?"

"Inatafutwa, mama. Vyombo viko kazini."

"Kama ingekuwapo, ingekaa wapi?"

Waziri alicheka, akawageukia watu wa redio nao wakacheka. "Mama, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Baada ya tano huja sita."

"Haya," alisema Loida. "Asante sana."

Tulitoka. Alitembea mbele yangu mpaka tukafika pale sokoni kwenye vibanda vilivyofungwa.

"Shemeji, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Tano," alisema. "Basi kesho tunazika."

*

Kesho yake jua lilipokwisha kupanda, Loida alichukua sururu ambayo Zakaria alichimbia udongo wa matofali, akaenda nyuma ya tanuri, akaanza. Hakuita mtu. Mimi nilisimama kidogo nikimtazama, kisha nikachukua jembe. Sikuwa na ushujaa wowote, nieleweke. Nilichoka tu kusimama.

Sauti ya jembe ilikuwa haijasikika mtaani kwa muda mrefu. Watu walitoka barazani kimya kimya, wakaja wakasimama. Mchelewaji mmoja akachukua koleo. Mwenye Kiherehere mmoja akamwambia unashika vibaya, lete hapa, na mwenzake akamwambia nyamaza wewe uliyekosea hesabu, na watu wawili watatu wakacheka kwa woga. Tulikwenda kumchukua Zakaria na mkokoteni. Msimamizi alitufungulia mlango, akageuka akatazama mti.

Askofu Gervasi na Mchungaji Songoro walifika kila mmoja kwa njia yake, wakakutana kichwani pa kaburi. Ikaonekana wazi kwamba hawajakubaliana nani aanze kuomba.

"Ombeni pamoja," alisema Loida, "na mfupishe."

Waliomba pamoja, kila mmoja kwa maneno yake, na hakuna aliyesikia neno hata moja. Nadhani Mungu amezoea.

Udongo ulipokwisha kujaa Loida alikaa chini juu ya nyasi, miguu ameinyoosha, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, akimwita mumewe kwa jina, akimgombeza kwa nini amemwacha. Wanawake walikaa naye. Nilimwonea wivu. Mimi nilijaribu, nikakunja uso na kila kitu, lakini hakikutoka chochote.

*

Polisi walimchukua Loida jioni, na asubuhi Tume ikakaa kumjadili. Nilipeleka chai.

"Jambo hili ni zito," alisema Jaji Ndomba. "Tukimfunga mama huyu, tutakuwa tumesema jana haikuwa Jumasita, kwa hiyo Waziri alimdanganya mfiwa redioni. Tukimwachia, tutakuwa tumesema Jumasita imepatikana."

"Si ndicho tunachokitafuta, Mheshimiwa?" aliuliza mjumbe mmoja mgeni.

Jaji alimtazama kwa huruma. "Ikipatikana, ndugu, sisi tutakuwa tunafanya nini?"

Wajumbe walitazama vikombe vyao. Hatimaye Jaji alisimama akatoa uamuzi, na kwa kweli ulikuwa uamuzi wa msomi.

"Jumasita bado haijapatikana. Kwa hiyo lolote lililofanyika Jumasita halijafanyika. Mama huyu hana hatia, kwa kuwa hakuzika. Zakaria naye hajazikwa. Na kwa mujibu wa sheria zetu, mtu ambaye hajazikwa kwa ruhusa, serikali haimtambui kuwa amekufa."

"Yu hai?" aliuliza Katibu, kalamu mkononi.

"Yu hai, mpaka itakapotangazwa vinginevyo."

Nilipita na sinia. Mjumbe mmoja alinipa mkono, akanipongeza kwa ajili ya kaka yangu.

*

Loida alirudi nyumbani. Siku chache baadaye alikuja yule afisa kijana wa Ofisi ya Mazishi, ambaye sasa alikuwa amepandishwa cheo akawa Mkaguzi wa Mapumziko. Mimi nilikuwa nimekwenda kumjulia hali shemeji yangu, na tulikuwa tunachambua maharage.

"Hodi. Shikamoo mama. Namtafuta ndugu Zakaria."

Loida aliweka ungo chini. "Wa nini, mwanangu?"

"Ni raia hai. Kila raia hai anakaguliwa kama anaishika Sabato." Alikaa, akajifuta jasho, alionekana kachoka kweli. "Mtaa mzima nimewakuta na makosa. Huyu ana udongo kwenye kucha, yule anafagia. Nyinyi wenyewe naona maharage hayo, lakini tuyaache. Ndugu Zakaria je? Jana alifanya kazi?"

"Hapana."

"Juzi?"

"Hapana."

"Na sasa hivi yuko wapi?"

Loida alielekeza kwa kidevu, nyuma ya tanuri. "Amepumzika."

Afisa alisogea dirishani. Kutoka pale kaburi linaonekana vizuri, na msalaba wake wa miti. Alilitazama kwa muda. Sidhani kwamba hakuelewa. Alivua kofia, akaishika mkononi, na aliporudi kukaa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anapumzika siku gani, mama?"

"Zote," alisema Loida.

Afisa akasimama wima, akavaa kofia yake, akapiga saluti kuelekea dirishani, akatuaga.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba baada ya taabu nyingi taifa limepata raia wa kwanza aliyeitii Sheria ya Sabato Moja bila dosari, pasipo kusubiri kujua ni siku gani. Halimi, hapiki, haendi sokoni, hataniani na jirani, haulizi maswali. Mwangalizi Mkuu ameagiza wananchi wote, wa Jumamosi na wa Jumapili, wauige mfano wa ndugu Zakaria.

Loida alizima redio akaenda kukaa kule nyuma ya tanuri.

Sisi wengine tunajitahidi. Mimi mwenyewe nimeshafika mbali.